Keki ya siagi ya spekulosi kwenye mbabula: mwongozo kamili kwa jiko la Bukavu

Spekulosi ni biskuti ya Ubelgiji: nyembamba, kavu, ya rangi ya kahawia, yenye harufu ya mdalasini na sukari iliyoungua kidogo. Huko kwao watoto huipata kwa wingi sikukuu ya Mtakatifu Nikolasi, tarehe 6 Desemba, na watu wazima huila pembeni ya kikombe cha kahawa. Ile ya paketi nyekundu ambayo wengi wanaijua hutengenezwa na Lotus, kampuni iliyoanzia kijiji cha Lembeke mwaka 1932. Siagi yake, yaani spekulosi laini ya kupaka kwenye mkate, ilikuja baadaye sana. Wabelgiji walikuwa na desturi ya kuweka biskuti hizo katikati ya vipande vya mkate uliopakwa siagi, na hadi saa ya chakula biskuti zilikuwa zimelainika na kuwa kama uji mzito. Kutoka hapo yakazaliwa yale makopo yanayouzwa leo.

Kwa bahati mbaya kopo hilo, likifika Bukavu, bei yake inatosha kununua mayai, sukari na unga wa keki nzima. Kwa hiyo hapa tutatengeneza kila kitu wenyewe: biskuti, siagi, keki, na krimu ya juu. Ni kazi ya siku mbili, lakini siku ya kwanza ni nyepesi. Kama una oveni ya umeme, ni vizuri. Kama una mbabula (jiko la makala, yaani makaa) na sufuria nzito tu, keki itatoka vilevile, na sehemu ndefu zaidi ya mwongozo huu nimeiandika kwa ajili yako.

Kwanza, mahali tunapoishi

Ukichukua maelekezo ya keki yaliyoandikwa Antwerp au Mombasa ukayafuata neno kwa neno hapa kwetu, keki itapanda upesi, itakupa furaha dakika ishirini, kisha katikati itazama. Si mkono wako. Ziwa Kivu lenyewe liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na sisi tunaishi kwenye vilima vilivyo juu yake. Hewa hapa ni nyepesi. Gesi inayotoka kwenye levire (unga wa kuumua keki) hupanuka kwa nguvu zaidi, na keki huinuka kabla unga na mayai havijashikana. Maji nayo huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, na hukauka haraka, ndiyo maana keki zetu huwa kavu siku ya pili.

Dawa yake ni mambo manne: punguza levire, punguza sukari kidogo, ongeza maziwa kidogo, na ongeza moto kidogo. Vipimo vilivyo hapa chini vimeshapangwa kwa urefu wa Bukavu, na Goma pia vitafaa bila kubadilisha kitu. Ndugu zetu wa Lubumbashi wako chini zaidi, karibu mita 1,200. Wao waongeze robo kijiko kidogo cha levire.

Neno moja kuhusu levire. Dukani zipo mbili na watu huzichanganya kila siku. Ya keki ni ile iliyoandikwa levure chimique kwenye paketi. Ile ya punje ndogo za kahawia ni hamira ya mkate, na hapa haina kazi.

Viungo vya harufu

Harufu ndiyo roho ya keki hii, kwa hiyo tuanzie hapo. Changanya:

mdalasini wa unga, vijiko vidogo 3
tangawizi kavu ya unga, kijiko kidogo 1
kungumanga iliyokunwa, nusu kijiko kidogo
karafuu ya unga, robo kijiko kidogo
iliki ya unga, robo kijiko kidogo

Nunua mdalasini wa magome, siyo wa unga. Unga wa kwenye vikaratasi sokoni mara nyingi umekaa muda mrefu na harufu imeshaondoka. Gome livunje vipande, lipashe kwenye sufuria kavu dakika moja hadi linukie, liache lipoe, kisha lisage kwenye kinu na kulichekecha kwa chujio la chai. Karafuu usizidishe hata kidogo. Punje tano au sita zinatosha kutoa hiyo robo kijiko, na ukizidisha keki nzima itanukia dawa ya meno.

Tangawizi mbichi haifai kwenye biskuti kwa sababu ina maji. Kama unga wa tangawizi haupatikani, kata tangawizi vipande vyembamba kabisa, vianike juani siku mbili au tatu za kiangazi, kisha saga. Wakati wa mvua vikaushe juu ya mbabula inayozimika.

Watu wengi hudhani ladha ya spekulosi inatoka kwenye wingi wa viungo. Soma maandishi ya pembeni ya paketi ya Lotus: kiungo cha harufu kilichotajwa ni mdalasini peke yake. Ladha ile nzito inatoka kwenye sukari iliyopikwa mpaka ikawa kahawia. Kwa hiyo tumia sukari ya kahawia kila mahali mwongozo huu unapoitaja. Kama sokoni umekuta nyeupe tu, usijali: weka vijiko vikubwa 3 vya hiyo sukari nyeupe kwenye sufuria ndogo, iyeyushe bila maji hadi iwe na rangi ya chai kavu, epua, kisha mimina vijiko vikubwa 3 vya maji ya moto ukiwa umesogeza uso mbali, maana itaruka. Koroga hadi iwe sharubati nyeusi. Hiyo utaitia kwenye biskuti mahali pa maziwa.

Siku ya kwanza: biskuti

unga wa ngano gramu 250 (vikombe 2 vya mililita 250, ujazwe kwa kijiko bila kushindiliwa)
margarini gramu 125 (vijiko vikubwa 9)
sukari ya kahawia gramu 125
mchanganyiko wa harufu, vijiko vidogo 2
bikabonati, nusu kijiko kidogo
chumvi, robo kijiko kidogo
maziwa, vijiko vikubwa 3

Piga margarini na sukari hadi zilainike, tia vitu vikavu, kisha maziwa, na kanda kidogo tu hadi donge lishikane. Lifunike, liache sehemu ya baridi saa moja. Asubuhi ya Bukavu haihitaji hata friji. Meza karibu na dirisha inatosha. Sukuma hadi unene wa nusu sentimita, kata mistatili, choma kwa nyuzi 170 dakika 15 hadi 18. Kwenye mbabula utachoma kwa awamu, kila awamu dakika 20 hivi, kwa namna nitakayoeleza mbele.

Biskuti ikitoka itakuwa laini. Ivunje moja ikishapoa: ikikatika kwa sauti, iko tayari. Ikipinda, rudisha zote kwenye moto mdogo dakika kumi nyingine. Usikubali njia ya mkato hapa. Siagi tutakayotengeneza haina maji ndani yake, na unyevu uliobaki kwenye biskuti ndio utakaoleta ukungu.

Asiye na muda anaweza kununua biskuti kavu za kawaida, zile za mstatili zisizo na krimu, na kuongeza kijiko kidogo na nusu cha mchanganyiko wa harufu wakati wa kusaga. Siagi itakuwa nyeupe kidogo na ladha yake nyepesi, lakini ni nzuri.

Siagi yenyewe

biskuti zako gramu 250
mafuta ya alizeti au mengine yasiyo na harufu, mililita 125
sukari iliyosagwa, vijiko vikubwa 3
mchanganyiko wa harufu, kijiko kidogo 1
chumvi kidogo sana

Mafuta ya mawese mekundu yaache kwa sombe (majani ya muhogo). Maelekezo mengi hutia maziwa au maji hapa, na siagi hutoka laini na ya kupendeza, lakini haikai. Katika nyumba ambayo umeme huenda na kurudi unavyotaka, mafuta peke yake ndiyo usalama: siagi ya mafuta hukaa wiki mbili hadi tatu kwenye chupa kavu yenye kifuniko, bila friji.

Mwenye blenda asage biskuti hadi ziwe vumbi, kisha amimine mafuta kidogo kidogo huku mashine inafanya kazi. Asiye nayo atumie kinu. Ponda, chekecha kwa chujio la chai, rudisha makapi kwenye kinu, ponda tena. Kazi ya kuchekecha inachosha mkono, lakini ndiyo inayotenganisha siagi na uji wa mchanga. Chukua kidole, gusa vumbi, lisugue kati ya kidole gumba na cha shahada: ukisikia punje, bado. Likiwa kama poda ya mtoto, tia sukari, harufu na chumvi, kisha mafuta kwa vijiko, ukikoroga kwa mwiko. Mwanzoni litakuwa donge gumu na utadhani mafuta hayatoshi. Endelea. Ghafla linalegea na kuanza kung'aa.

Utapata zaidi ya gramu 400. Igawe sasa hivi ili usiimalize kwa kuonja: gramu 150 (vijiko vikubwa 10) za kwenye keki, gramu 100 za krimu, na inayobaki ni ya katikati na juu. Funika, ulale.

Siku ya pili: kuandaa moto

Mwenye oveni ya umeme awashe nyuzi 185 na aruke sehemu hii.

Mbabula na wewe sasa. Unahitaji sufuria kubwa na nzito, ile ya alumini nene ya kupikia sherehe, na kifuniko chake kiwe bapa. Kama kifuniko kimebenuka, tumia sinia la bati lenye ukingo, litakalobeba makala bila kuyamwaga. Ndani ya sufuria, chini kabisa, tandaza mchanga safi uliokauka kabisa, unene wa vidole viwili. Mchanga hugawa joto na kuzuia moto kuipiga chini ya keki moja kwa moja. Chombo cha keki kiwe na upana wa sentimita 22, na kati yake na ukuta wa sufuria pabaki nafasi ya vidole viwili ili hewa ya moto izunguke.

Washa makala mengi nje ya nyumba, au chini ya paa lililo wazi pande zote. Usichome keki ya saa nzima ndani ya chumba kilichofungwa, hata kama mvua inanyesha, hata kama kuna baridi. Hewa ya makala inaua na haina harufu ya kukuonya.

Makala yakishika rangi nyekundu na kufunikwa na majivu mepesi, yagawe: sehemu moja ibaki chini, sehemu mbili ziende juu ya kifuniko. Wengi hukosea hapa kwa sababu tumezoea kupika kwa moto wa chini. Keki inataka joto la kuizunguka; moto mkubwa wa chini utaunguza tako lake wakati tumbo bado ni bichi. Acha sufuria na mchanga vipate moto dakika 15.

Kupima joto bila kipimajoto ni rahisi. Nyunyiza kijiko cha unga wa ngano kwenye kisahani cha bati, kiweke ndani, funika, hesabu dakika tano. Unga ukiwa wa dhahabu, moto ni sawa. Ukiwa bado mweupe, ongeza makala juu. Ukiwa kahawia nzito, ondoa kidogo chini na usubiri.

Keki

unga wa ngano gramu 250
levire ya keki, kijiko kidogo 1 na nusu, kilichosawazishwa kwa kisu
chumvi, nusu kijiko kidogo
mchanganyiko wa harufu, vijiko vidogo 2
margarini au siagi ya ng'ombe gramu 130
siagi ya spekulosi gramu 150
sukari gramu 150, nusu yake ya kahawia
mayai 4
maziwa mililita 180

Viungo vya harufu tulivyochanganya ni vijiko vidogo vitano kwa jumla: viwili vimeenda kwenye biskuti, kimoja kwenye siagi, viwili viko hapa. Aliyetumia biskuti za dukani atabakiwa na nusu kijiko. Usiseme siagi ina harufu tayari kwa hiyo keki haihitaji. Moto na mayai huimeza harufu, na keki iliyotegemea siagi peke yake hutoka na rangi bila ladha.

Nyumba nyingi za hapa zina mashanza (maziwa ya mgando) kuliko maziwa ya pakiti. Yanafaa sana, na keki hutoka laini zaidi. Ukiyatumia, yakoroge kwanza yalainike, weka levire kijiko kidogo 1 tu, na ongeza robo kijiko kidogo cha bikabonati, kwa sababu ukali wa mashanza na bikabonati hufanya kazi pamoja.

Paka chombo margarini, weka karatasi chini. Mayai yaliyolala kwenye baridi yaweke kwenye maji ya uvuguvugu dakika tano. Chekecha pamoja unga, levire, chumvi na harufu.

Piga margarini, siagi ya spekulosi na sukari. Kwa mashine ni dakika nne; kwa mwiko, dakika kumi na zaidi, na hapa ndipo mkono wa msaidizi unapohitajika. Rangi ianze kufifia, mchanganyiko uwe mwepesi. Tia yai moja, piga hadi limezwe, ndipo la pili. Mchanganyiko ukikatika na kuonekana kama maziwa yaliyoganda, tia kijiko kikubwa cha unga uliochekecha, utarudi.

Sasa acha kupiga. Tia theluthi moja ya unga, geuza taratibu kwa mwiko kutoka chini kwenda juu, tia nusu ya maziwa, theluthi ya pili ya unga, maziwa yaliyobaki, unga wa mwisho. Unga usipoonekana, umemaliza. Ukiendelea kukoroga keki itakuwa ngumu kama mkate.

Mimina, sawazisha, pigapiga chombo mezani mara mbili ili mapovu makubwa yatoke, na uingize kwenye moto. Oveni ya umeme itachukua dakika 40 hadi 45. Mbabula itachukua dakika 50 hadi saa moja. Usifunue kabla ya dakika 35. Baada ya nusu saa tikisa majivu ya juu na uongeze vipande vichache vya makala yaliyokwisha kuwaka. Ya chini usiyaguse. Ukisikia harufu ya mdalasini inatoka kwa nguvu, karibu imeiva. Choma kijiti katikati: kitoke na chembe mbili tatu kavu, siyo uji.

Iache kwenye chombo dakika 15, kisha ipindue. Usiikate kabla haijapoa kabisa.

Krimu

Krimu ya kawaida hutaka sukari ya vumbi, ambayo huku haipatikani kila duka, na huwa tamu kupita kiasi juu ya keki iliyo tamu tayari. Mimi napendelea ya kupika. Changanya unga vijiko vikubwa 3, sukari gramu 100 na maziwa mililita 200, pika kwa moto mdogo ukikoroga bila kuacha hadi iwe nzito kama uji wa mtoto, iache itoe mapovu dakika mbili ili unga uive. Ifunike kwa plastiki iliyogusa uso wake, na ipoe hadi iwe baridi kweli kweli. Ikiwa na joto lolote itayeyusha siagi yako na huna cha kuiokoa.

Piga siagi au margarini gramu 150 hadi iwe nyeupe, ongeza ule uji kijiko kwa kijiko, kisha zile gramu 100 za spekulosi na chumvi kidogo. Itakuwa nyepesi na itasimama.

Kuipanga

Kata keki katikati kwa uzi mrefu: zungushia, vuka ncha mbili, vuta. Pika kahawa kali, ya Kabare au ya Idjwi, vijiko vikubwa 4, tia sukari kijiko kikubwa 1, na uinyunyize kwa kijiko juu ya pande mbili zilizokatwa. Kahawa inapunguza utamu na inarudisha unyevu ambao hewa yetu inaunyonya. Kwa watoto, tumia maziwa yenye sukari.

Paka nusu ya siagi ya spekulosi iliyobaki juu ya kipande cha chini, juu yake tandaza krimu kidogo, weka kipande cha pili, funika keki yote kwa krimu. Siagi ya mwisho iweke ndani ya bakuli juu ya maji ya moto hadi imwagike kama asali, imimine katikati ya keki na uisogeze kwa kijiko mpaka ianze kuteremka pembeni. Ponda biskuti mbili tatu uzungushie ukingoni, lakini fanya hivyo saa moja kabla ya kula, zikikaa zinalainika.

Kama ni keki ya komunyo au ya harusi na inabidi isafiri, iwekee krimu kule inakokwenda. Barabara ya kutoka Bagira hadi Ibanda kwenye pikipiki haina huruma na krimu. Keki tupu iliyofungwa kwa plastiki husafiri bila shida, na ni nzuri zaidi ikiwa imelala usiku mmoja kabla ya kupakwa.

Ikizama katikati, levire ilizidi au ulifunua mapema. Ikipasuka juu kama kilima, makala ya juu yalikuwa mengi mno mwanzoni. Ikiwa na mstari mbichi chini, mchanga haukupata moto wa kutosha kabla ya keki kuingia. Hesabu zile dakika 15 kwa saa, siyo kwa macho.

Yenye krimu hukaa siku moja na nusu kwenye ubaridi wa kawaida wa hapa, siku nne kwenye friji inayofanya kazi. Bila krimu, siku tatu ndani ya sufuria iliyofunikwa. Vipande vilivyokauka vikate vidogo, vipashe kwenye kikaango kikavu hadi vikaukie kabisa, na uvirudishe kwenye kinu: ukiongeza mafuta na mdalasini kidogo, vinatoa chupa nyingine ya siagi.